Mtu wa Nchi Yetu

Kila uji ulipoletwa, Mzee Pyo alikuwa na swali lake, na swali lile lisipojibiwa mdomo haukufunguka. Alikaa kitandani na kitambaa kifuani, mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka kama wa mtoto anayemwogopa mwalimu, akamkazia macho Chunok.

"Nani minzoku?" akauliza kwa Kijapani.

"Nippon," akajibu Chunok.

Mdomo ukafunguka, kijiko kikaingia. Asubuhi, mchana na jioni, mambo yalikuwa hayo hayo.

Msomaji asidanganyike na hilo "nani". Si nani yetu. Kwa Kijapani maana yake ni "gani", na mzee alikuwa akiuliza: wewe ni minzoku gani? Chunok hakujua Kijapani. Alichojua ni jibu moja tu, na hilo alilipata kwa kofi. Mwezi wa kwanza alipofika kumtunza mzee huyu katika ghorofa ile ya mji wa Bucheon, alijibu kilicho kweli, kwamba yeye ni Mkorea. Mzee akamzaba kibao, kisha akajifunika shavu lake mwenyewe kwa viganja viwili na kuanza kutetemeka. Hapo Chunok akaelewa kwamba aliyekaa kitandani si mzee wa miaka themanini na ushei. Ni mtoto wa shule anayerudia aliyofanyiwa, na mbele yake amesimama mkaguzi wa Kijapani, na jibu la haki lina malipo yake. Tangu siku ile akawa anajibu Nippon, yaani ni wa Japani. Babu yake mwenyewe mzaa baba aliuawa na askari wa Kijapani kando ya ghala la mtama, naye mjukuu alikuwa akijiita Mjapani mara tatu kwa siku ili uji uliwe. Mwanzoni lilimkwama kooni. Baadaye likawa linapita, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Neno lenyewe hakuhitaji kufundishwa. Wajapani husema minzoku, Wachina minzu, Wakorea minjok. Neno ni moja, wameazimana wao kwa wao na kila mmoja amelipinda aonavyo. Ukitaka kulitia katika Kiswahili utakuna kichwa. Ni taifa? Ni kabila? Ni watu wa damu moja? Ni yote hayo, inategemea nani analisema na anataka nini kwako. Chunok alizaliwa Yanji, upande wa China, mahali Wakorea walikohamia tangu enzi za mababu. Kwenye kitambulisho chake cha Kichina kulikuwa na mstari wa minzu, na mbele yake pameandikwa Mkorea. Kwao hilo ni kama kabila: nchi ni moja, makabila ni mengi, na wewe ni wa lile. Lakini alipovuka kuja Korea Kusini kutafuta riziki, alilikuta neno lake limeshaolewa na mtu mwingine.

"Mama mdogo, sisi ni minjok moja," Bi Insuk, binti wa mzee, alimwambia Chunok siku ile ya kwanza. "Mkataba wa nini? Mikataba ni ya watu baki."

Mama mdogo, maana yake dada wa mama. Ndivyo wanavyowaita huko wanawake wote wanaowapikia na kuwafulia. Na kwa kuwa alikuwa mama mdogo, na minjok moja, Chunok hakuwa na mkataba, hakuwa na Jumapili, na kitanda chake kilikuwa godoro lililokunjwa chini ya dirisha la mzee.

* * *

Habari ya harusi ilifika kwa simu, mwezi wa nane, na Chunok akalia kwa furaha mpaka mzee akamuuliza nani kafa.

"Hakuna aliyekufa, babu. Hyangran anaolewa. Mwanangu."

"Yule wa nyumba ya pili kutoka kisimani?"

"Huyo huyo," alisema Chunok, maana kubishana na mzee kulikuwa kazi bure. Mzee Pyo alikulia Yongjong, mwendo mfupi tu kutoka Yanji, kabla wazazi wake hawajarudi kusini, na tangu akili ilipoanza kumtoroka alikuwa akiishi huko. Wanawe hawakumwelewa tena. Alikuwa akiongea lafudhi ya kaskazini, ile nzito iliyowachekesha watu wa Seoul, na katika nyumba nzima ni Chunok peke yake aliyeijua. Ndiyo maana alimwita dada. Na ndiyo maana hakula kwa mkono wa mwingine. Kiangazi kilichopita Chunok alipopata homa, wakala wa watumishi alileta mwanamke wa badala, msafi, mpole, mwenye vyeti. Mzee alifumba mdomo siku mbili, akaishia hospitalini na dripu mkononi.

Chunok alijua basi kwamba kuomba ruhusa si jambo la kudandia. Alisubiri asubuhi moja ambapo Bi Insuk alikuwa amepita kumwona baba yake kabla ya kwenda kufungua duka lake la miwani, na alikuwa na bashasha.

"Bi mkubwa, nina neno."

"Sema haraka, mama mdogo, nimechelewa." Bi Insuk alikuwa kibarazani, anavaa viatu, mkono mmoja ukutani.

"Binti yangu anaolewa. Mwezi wa kumi."

"He! Keshakua? Hongera! Kumbe umenificha." Akatafuta kiatu cha pili. "Na bwana harusi je? Asije akawa mgeni tu. Siku hizi wasichana wanaokota watu kwenye mitandao."

"Hapana, bi mkubwa, si mgeni," alisema Chunok. "Ni mtu wa nchi yetu."

Bi Insuk akasimama wima kwa kiatu kimoja. "Kweli?"

"Kweli. Anafanya kazi reli."

"Mama mdogo! Mbona umepata! Mtu wa nchi yetu, na kazi ya serikali!" Alimshika Chunok mikono yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Basi chukua siku mbili. Jumamosi na Jumapili. Nitakuja mwenyewe kukaa na baba. Na usinunue nguo, umesikia? Nina hanbok yangu ya pinki, niliivaa harusi ya mwanangu Soyon mara moja tu. Mama wa bibi harusi lazima avae pinki."

Chunok aliinama mpaka paji likakaribia magoti. Siku mbili zilikuwa finyu, lakini ndege ya Yanji si safari ndefu: Jumamosi anaingia, Jumapili anakaa kwenye kiti chake, jioni anarudi. Mchana ule alimwimbia mzee wakati wa kumwogesha.

Hakuna aliyedanganya hapo. Kwa Chunok na watu wote wa kwao, nchi yetu ni China, hata kama nyumbani wanakula kimchi na kuimba kwa Kikorea. Minjok ni kitu kingine na nchi ni kitu kingine. Kwa Bi Insuk vitu hivyo ni kimoja tangu alipozaliwa, na mtu wa nchi yetu hana pengine pa kutoka isipokuwa pale alipo yeye. Kila mmoja alisema nchi yetu, akamsikia mwenzake akisema yake.

* * *

Hanbok, lile vazi la jadi la Kikorea, ililetwa imekunjwa kwenye sanduku. Tiketi ilikatwa. Yanji ikawa inapiga simu kila jioni, Hyangran anauliza maua, anauliza ukumbi, anauliza kama mama atapaka rangi nywele.

"Mama, jogoo tumempata," alisema siku moja. "Mkubwa! Baba anasema ana uso wa mwenyekiti wa kijiji."

Kwa watu wa Yanji harusi ni meza, na meza ni jogoo: jogoo mzima aliyechemshwa, kakalishwa wima mbele ya maharusi na pilipili nyekundu mdomoni. Bila hiyo, mtakuwa mmekula tu.

"Zhenpeng anajua ya mayai?" aliuliza Chunok. Bwana harusi hufichiwa mayai ndani ya bakuli la wali, na akiyakuta lazima ambakizie mkewe.

"Nimemwambia. Anasema Wahan hawana mchezo wa kumficha mtu chakula."

Chunok akacheka. Kijana alikuwa Mhan, Mchina hasa, asiyejua Kikorea zaidi ya kusalimia. Mwanzo Chunok alinuna kidogo, mjomba wake mmoja akanuna zaidi, kisha kijana akawa anampeleka baba mkwe hospitali mara tatu kwa wiki, na kununa kukaisha. Maana baba mkwe, Cholho, mume wa Chunok, figo zake zilikuwa zimekata tamaa. Alikuwa akisafishwa damu kwa mashine, na mashine ile ililipiwa na mshahara wa Bucheon. Kibali cha Chunok cha kukaa Korea kilikuwa kinakwisha mwezi wa kumi na moja. Kingeweza kuongezwa kama mwajiri atapeleka maombi na kutia sahihi. Bi Insuk alikwishasema atasaini. "Tukimaliza harusi yako," alisema. "Hilo dogo."

Wiki ya harusi ilipofika, Bi Insuk alikuja na bahasha ya pongezi na keki ya mchele.

"Eh, mama mdogo, ukumbi wenyewe uko wapi? Nimuelekeze mume wangu. Nafikiri tupite hata nusu saa, na baba kwenye kiti chake cha magurudumu, akuone ulivyopendeza. Suwon? Au Seoul kabisa?"

"Yanji, bi mkubwa."

"Yanji ni jina la ukumbi?"

"Yanji kwetu. China."

Bi Insuk akaiweka keki mezani. "Wanafanyia China? Kijana wa watu mnamburuta mpaka China?"

"Ni kwao, bi mkubwa. Kijana ni wa huko."

"Ulisema ni mtu wa nchi yetu."

"Ndiyo. Ni Mhan."

Chumbani mzee alikuwa akihesabu vidole vyake kwa sauti.

"Nchi yetu," alisema Bi Insuk polepole. "Kumbe ulipokuwa unasema nchi yetu, ulikuwa unasema China."

Hapo ndipo Chunok alipoliona shimo, na tayari alikuwa ndani. "Nilizaliwa huko, bi mkubwa. Sikusema kwa ubaya. Kwetu ndivyo tunavyosema."

"Na sisi ni nani kwako?"

"Nyinyi ni minjok yangu."

"Mtu anakuwaje na minjok huku na nchi kule? Unakula upande huu, moyo upande ule?" Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya kweli; hakuwa mwigizaji. "Mwaka wa tatu huu nakuita mama mdogo. Nimekupa nguo yangu ya harusi ya mwanangu. Mimi nilidhani tunaongea lugha moja."

"Ni lugha moja, bi mkubwa."

"Sio!" Kisha akashusha sauti, akalitazama pazia la chumba. "Na baba je? Mimi niliposema siku mbili nilijua uko mwendo wa saa moja. Akigoma kula, napiga simu, unakuja, unampa kijiko, unarudi kwenye sherehe. Sasa uko ng'ambo ya bahari, akigoma nifanyeje? Unakumbuka ile dripu?"

Chunok aliikumbuka. Ndiye aliyeshika mkono mwingine wa mzee siku ile, naye ana homa.

"Nitarudi Jumapili jioni."

"Wangapi wamesema hivyo, wakaenda na wasirudi? Sisemi wewe." Bi Insuk akachukua mkoba wake. Bahasha ya pongezi aliiacha, keki aliiacha. Mlangoni akageuka. "Karatasi za kibali niliziweka kwenye gari, nilitaka kuzipeleka leo. Nitazipeleka wiki ijayo. Si vibaya tukitulia kwanza."

* * *

"Njoo," alisema Cholho kwenye simu. Sura yake ilikuwa imevimba, ametoka kwenye mashine. "Usimsikilize huyo mwanamke. Figo zangu zisikufunge. Binti ni mmoja."

Angesema usije, Chunok angepata mtu wa kumkasirikia. Aliposema njoo, na sura ile, milango yote ikafungwa.

"Mama." Hyangran aliipokonya simu. "Nilipomaliza shule ulikuwa kule. Bibi alipozikwa ulikuwa kule. Sijawahi kulalamika, nimewahi? Hii moja tu. Tukiwapigia wazazi magoti, tutainamia kiti kitupu? Watu waniulize mama yuko wapi, niseme anamlisha nani? Baba wa watu?"

"Kibali, mwanangu."

"Kwani si wao wanaosema sisi ni minjok moja? Si uwaambie hivyo hivyo! Minjok moja haimruhusu mama kwenda harusini?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

Chunok alisema uji unaungua, na uji haukuwa hata jikoni.

Jumamosi asubuhi alivaa koti, akaweka sanduku la hanbok kwenye mfuko, akaketi kibarazani na kuvaa viatu. Alikuwa ameamua. Alikuwa ameamua na kuamua tena tangu Alhamisi. Bi Insuk alikuwa amefika, kama alivyoahidi kabla ya mambo kuharibika. Alisimama na aproni, hakuuziba mlango.

"Nenda, mama mdogo. Sikuzuii. Mimi si mtu wa kumfunga mtu kamba."

"Na zile karatasi, bi mkubwa?"

"Utaniwia radhi. Siwezi kumwombea kibali mtu ambaye sijui kama atarudi. Nitasaini nini? Ningekuwa nasema uongo kwa serikali." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mteja kwamba miwani ile haipo. "Ukirudi, tutazungumza. Kama baba atakuwa mzima."

Kutoka chumbani mzee akaita kwa lafudhi ya kaskazini: "Dada! Unakwenda kisimani? Barafu imeshika, utateleza!"

"Anasema nini?" aliuliza Bi Insuk.

"Anasema nisiteleze."

Bi Insuk aliingia chumbani na bakuli. Chunok alibaki ameshika kamba za kiatu. Alisikia swali la Kijapani. Alisikia Bi Insuk akisema, "Baba, mimi Insuk, kula basi." Swali likarudiwa, kwa sauti nyembamba zaidi. "Baba, achana na Kijapani, fungua mdomo." Swali tena, sasa na kilio ndani yake. Kijiko kikagonga sakafu. Ndani ya nyumba ile alikuwapo mtu mmoja tu aliyekuwa na jibu, naye alikuwa na koti mwilini. Angeweza kumpa Bi Insuk lile neno, ni neno moja tu. Lakini alijua kwamba mzee hataki neno. Anataka neno hilo kutoka kwa mtu anayezungumza kama watu wa Yongjong, na hilo haliwezi kuachwa mezani kama ufunguo.

Ndege haikumngoja. Alivua kiatu cha kushoto, akavua cha kulia, akavipanga ukutani.

* * *

Jumapili alivaa hanbok ya pinki. Ilimpwaya kifuani na kumbana mikononi. Bi Insuk mwenyewe ndiye aliyemfunga utepe, na alikuja na waridi jeupe la kubandika, na simu yake kubwa, "maana kwa simu yako ile picha itakuwa kama ya kiroboto." Alikuwa na furaha ya mtu aliyesamehe. Aliisimamisha simu juu ya meza ya dawa, akaegemeza kwenye chupa ya maji ya mzee, akampeleka mzee karibu kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Unaona? Ni kama uko pale pale. Teknolojia hii! Nakwenda sokoni kidogo, niwaache na yenu."

Picha ilikwama, ikatikisika, kisha Yanji ikaja yote: kelele, vigelegele vya wanawake, mtu anajaribu kipaza sauti. Meza kubwa imejaa matunda na keki, na katikati jogoo. Cholho amekaa ndani ya suti iliyokuwa yake zamani, na kwenye kiti cha pembeni yake wameegemeza simu juu ya mito miwili, ili mama awe na kimo.

"Mama anaonekana! Mama, sema kitu!"

"Nawaona," alisema Chunok. "Nawaona wote. Hyangran, umependeza. Nani kakusuka?"

"Shangazi. Mama, tunainama sasa. Usilie, utaniharibia wanja."

Walipiga magoti, bibi harusi akishikwa mikono na wasichana wawili, bwana harusi akiinama vibaya, mkono wa kulia mahali pa kushoto, watu wakimcheka kwa upendo. Waliinamia suti iliyopwaya na simu juu ya mito. Kwa mila zao hapo wazazi husema neno la baraka. Cholho alisema lake, fupi, likakatikia njiani. Kisha ukumbi ukanyamaza kumngojea mama.

Chunok alifungua kinywa. Alikuwa amelitunga neno hilo tangu mwezi wa nane, alilisema kwa sauti jikoni wakati wa kuosha vyombo. Lilikuwa limetoweka. Wageni wote wa Yanji walikuwa wanamtazama.

Ndipo mzee aliposogea mbele kwenye kiti chake, akakikaribia kioo mpaka paji la uso wake likaijaza skrini ya kule, na akamwangalia kijana aliyepiga magoti.

"Nani minzoku?" aliuliza.

"Babu, acha," alisema Chunok.

Lakini Zhenpeng alikuwa amesikia. Kikorea hakujua, Kijapani ndiyo kabisa. Alichosikia ni neno lililokuwa kwenye kitambulisho chake tangu utotoni. Akainua kichwa kwa adabu, kama unavyomjibu babu wa mkeo. "Hanzu," alisema kwa Kichina. Mimi ni Mhan.

Mtu mmoja ukumbini alicheka, akanyamazishwa. Chunok aliukamata mkono wa mzee, ule wa kofi. Ulikuwa mwepesi, haukuinuka. Mzee alimtazama kijana kwa muda, midomo inacheza, kana kwamba jibu lile halikuwamo kwenye somo na sasa hajui mkaguzi atasema nini. Kisha mgongo wake ukalegea, na akasema kwa lafudhi ya kwao, kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Haya, inuka basi, magoti yataganda. Kaeni mpatane. Mzae. Mle kwa bakuli moja."

Ndivyo wazee wa Yongjong walivyokuwa wakisema, na watu wazima ukumbini waliutambua usemi huo, maana mama zao waliinama mbele ya maneno hayo hayo. Vifijo vikalipuka. "Baba wa nani huyo?" mtu akapaza sauti. "Anaongea kama marehemu mama yangu!" Hyangran alikuwa analia na wanja wake wote, na bado Chunok hakuwa amesema neno. Picha ikakwama hapo, bibi harusi mdomo wazi. Walipoipata tena, watu walikuwa wamekwishaanza kula, na mtu alikuwa ameisogeza simu kupisha sahani, ikawa inaonyesha dari.

* * *

Jioni Bi Insuk alirudi na vitunguu, na bahasha ya kahawia.

"Nimesaini," alisema. "Kesho asubuhi naipeleka. Mwaka mzima na miezi, mama mdogo, bila wasiwasi. Sasa umefurahi? Niliwaambia dada zangu, mimi simwonei mtu. Sisi ni minjok moja." Alimpapasa bega la pinki. "Nguo kaa nayo. Nakupa."

Chunok alishukuru, akainama. Alipoinama mshono wa mkono wa kulia ukafumuka, na wote wawili wakajifanya hawakusikia.

Alipika uji akiwa bado ameivaa. Akaketi mbele ya mzee, akamfunga kitambaa, akachota, akapuliza.

"Nani minzoku?"

Chunok alikishikilia kijiko hewani. "Mimi ni mama wa Hyangran," alisema kwa Kikorea.

Mdomo ulibaki umefungwa. Mzee alirudia swali, akanyoosha mgongo zaidi. Mvuke ulikuwa ukipungua juu ya kijiko. Aliyaona macho ya mzee yakijaa, bega moja likipanda taratibu kulikinga shavu, na akajua kwamba hapa chumbani hakuna mkaguzi, wamo wawili tu, na wote wawili wanangoja kofi. Alimchukia kwa kitambo kidogo, kwa haki kabisa. Kisha hakuweza.

"Nippon," alisema.

Bega likashuka. Mdomo ukafunguka, kijiko kikaingia, uji umepoa. Mzee alimeza, akaitazama ile nguo ya pinki, mkono uliofumuka, ua lililonyauka kifuani.

"Dada," alisema kwa lugha ya kwao. "Yule jogoo alikuwa na pilipili mdomoni?"

Mkono wa Chunok ukasimama. "Alikuwa nayo, babu."

"Nyekundu?"

"Nyekundu."

"Basi imekuwa harusi," alisema mzee, akafungua tena mdomo.